Mkono Nilioufunga kwa Kitambaa

Wangari wangu,

Umeenda mjini kunyolewa, maana shule yako mpya haitaki misuko, na mimi nimekaa mlangoni na Naomi fundi wa nguo. Mimi ninaongea, yeye anaandika. Unajua sikuingia darasani hata siku moja, kwa hivyo usishangae mwandiko mzuri. Nimemwambia ayaandike maneno yangu jinsi yanavyotoka na asinipambe. Akimaliza atanisomea, na nikisikia neno ambalo si langu atalifuta.

Sitakuambia habari za kuoga, wala kuombea chakula, wala kulifunga sanduku kwa kufuli. Una miaka kumi na mitano. Kama hujui kufua soksi hadi leo, barua haitakufundisha.

Ninataka kuongea juu ya mkono wako wa kushoto. Kesho unaenda Ruiru kuanza gredi ya kumi, na Kocha Atieno amesema hatakuweka kwenye timu ya mpira wa kikapu mpaka aone barua ya daktari kuhusu mkono huo. Anaamini uliumia ukiwa mdogo. Anaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Nilisimama mbele yake, mwanamke mzima wa kanisa, nikamdanganya, na wewe ulikuwa hapo kando, ukasikia, ukaangalia chini. Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Wewe hukuniuliza, na mimi nimejifanya nina shughuli nyingi. Leo nitalisema lote, hata kama Naomi ataona haya kuliandika.

Nianzie mbali kidogo.

Ulipozaliwa nikawa cucu, bibi wa mtu, na ukapewa jina langu, kama desturi yetu ilivyo kwa msichana wa kwanza wa mwanangu. Watu walikuja kukuona, wakanishika mkono na kuniambia, "Wangari, umezaliwa tena." Nililichukua neno hilo vibaya. Nilidhani wewe ni mimi kweli, na kwamba kila kitu kilichokwenda kombo kwangu nimepewa nafasi ya kukinyoosha kwako. Ndiyo maana baba yako alipokuleta hapa Kamenu ukiwa na miaka minne, mama yako akiwa amekwenda kufanya kazi ng'ambo, nilikupokea kama mtu anayepokea nguo yake mwenyewe kutoka kwa fundi. Niliangalia mishono.

Mshono wa kwanza nilioona ni huo. Kijiko ulishika kwa kushoto. Jiwe ulirusha kwa kushoto. Ukiitwa kusalimia wageni, kushoto kulikuwa kumeshafika kabla ya kulia kuamka.

Siku moja kina mama wa kikundi chetu walikuja kwangu, ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha. Ulitaka kunisaidia. Ukachukua kikombe cha chai, ukatembea nacho polepole, ulimi nje, usimwage hata tone, ukampelekea yule mama mkubwa kuliko wote. Ukampa kwa mkono wa kushoto. Hakukipokea. Alikiangalia tu. Kikombe kikakaa hewani, na mvuke ukakupanda usoni. Akaniuliza mimi, si wewe: "Wangari, huyu unamlea au anajilea?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikunyang'anya kikombe nikampa kwa mkono wangu wa kulia.

Kesho yake nilitoa kitambaa changu cha kichwa, kile cha buluu, nikaufunga mkono wako wa kushoto kiunoni. Nilikufunga asubuhi, nikakufungua wakati wa kulala. Likizo nzima ya Agosti. Ulimwaga uji kifuani. Ulianguka mlangoni kwa sababu hukuwa na mkono wa kujishikilia, ukapata ile alama iliyo kwenye kidevu chako, ambayo wewe huwaambia watu ni ya ng'ombe wa kule shambani Ngoliba. Si ya ng'ombe. Hukulia sana. Kitu kimoja tu uliniuliza, nikiwa ninakaza fundo: "Cucu, huu mkono umekosa nini?"

Nilikuambia unyamaze, ule. Sasa ninakujibu. Haukukosa kitu.

Naomi amesimamisha kalamu, anajifanya anatafuta mahali pa kuendelea. Naomi, andika.

Kinachonichoma ni kwamba mimi nilijua. Mtu asiyejua angesamehewa. Mimi nilichuma kahawa kwenye mashamba ya Ruiru tangu kimo changu kikiwa cha kufikia matawi ya chini tu, wakati watoto wengine walikuwa wakipita barabarani na vitabu. Kikapu kinafungwa kiunoni ili mikono yote miwili iwe huru. Kulia kunachuma zilizoiva, kushoto kunachuma zilizoiva, na macho hayako kwenye mkono wowote, yako kwenye tawi linalofuata. Anayeangalia mikono anachuma za kijani, na nyapara anazimwaga zote chini mbele ya watu. Nilijifunza hivyo kwa aibu. Ilinichukua msimu mzima, usidhani ni siku mbili, kushoto kwangu kulikuwa kama mguu wa kuku. Halafu siku moja kukaacha kuniuliza. Kukachuma tu. Nilikuwa na mikono miwili, Wangari, ndiyo iliyonilisha na kumlisha baba yako. Halafu nikaona kikombe kimoja cha chai kinakaa hewani, nikasahau yote.

Basi ulikua. Ulijifunza kula, kuandika na kusalimia kwa kulia, na nikajisifu. Nilimwambia kila mtu, "Nilimnyoosha."

Halafu ukiwa gredi ya nane mwalimu wa pale shuleni alikuchagua kwa mpira wa kikapu. Hakukuchagua kwa kipaji, tusidanganyane. Alikuchagua kwa sababu ulikuwa umerefuka kama umevutwa. Siku ya kwanza ulirudi na damu puani, sweta yote imechafuka.

"Nani amekupiga?"

"Ni mpira, Cucu. Nilipewa pasi, sikuinua mikono."

"Na mikono ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa tu hapo. Wananiita nguzo ya stima."

"Basi simama kama nguzo. Mwenye kukugonga ataumia yeye. Osha uso, ule."

Hiyo ndiyo ilikuwa hekima yangu yote kuhusu mpira. Mimi nilifikiri mchezo ule ni wa watu wasio na kuni za kukata. Nilisubiri uchoke. Hukuchoka. Ulinishangaza hapo kwanza, maana sikuwahi kumwona mtu akiwa mbovu kiasi kile katika kitu na bado anakiamkia. Mpira ulikukimbia kama kuku anayejua leo ni Krismasi. Ukiudunda unagonga kidole chako cha mguu, unaenda chini ya tangi la maji, unalala kifudifudi kuutoa, unaanza tena. Uliweka alama za makaa kwenye sakafu ya ploti, mbili tu, ukawa unakimbia, "moja, mbili, ruka", na hakukuwa na kikapu, kulikuwa na ukuta tu na doa la unyevu ambalo ulisema ni kikapu. Moja, mbili, ruka. Mpangaji wa mlango wa nne akaja kwangu amevimba.

"Cucu, huyu mtoto anatutwanga vichwa kama mahindi!"

"Kwani wewe ni mahindi? Ingia ndani ulale."

Nilikutetea kwa nje, lakini ndani nilikuwa upande wake.

Kisha mambo yako yakaanza kuniingia bila kubisha. Uliniambia kuna mguu unaokaa na mguu unaotafuta: ukishashika mpira, mguu mmoja haupaswi kuondoka mahali pake, ule mwingine ndio unaozunguka kutafuta njia. Nikasema huo ni upuuzi. Siku hiyo hiyo nilikuwa ninaepua sufuria ya githeri, paka akapita miguuni, nikazunguka kwa mguu mmoja bila kumwaga, na wewe ukapiga kelele kana kwamba nimefufuka: "Cucu, umepiga pivoti! Umeipiga safi!" Nilikufukuza na mwiko. Lakini niliirudia nikiwa peke yangu. Mara tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna maharagwe, nilikwenda Ngoliba nikakuambia nitarudi kesho yake. Shamba lilikuwa limekauka, hakukuwa na cha kuvuna zaidi ya nusu gunia, nikarudi siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Nilipokaribia lango letu nilisikia mpira. Sauti ya mkono wako wa kulia ninaijua: dum, dum, halafu kimya kidogo ukiutafuta, halafu dum. Sauti niliyosikia haikuwa na kile kimya. Ilikuwa dum-dum-dum-dum, inapanda, inashuka, inakuja karibu, inaenda mbali, bila kukatika. Nikasema moyoni, huyo ni nani aliyekuja kumfundisha?

Nikachungulia kwenye lile tundu la mabati.

Ulikuwa peke yako. Ulikuwa unadunda kwa kushoto.

Ngai wakwa, Mungu wangu. Sijui nitakuambiaje, Wangari. Nimeishi miaka mingi, nimeona Mlima Kenya ukijitokeza asubuhi baada ya mvua, mweupe, mahali ambapo jana kulikuwa na mawingu tu, na watu wa soko zima wakaacha kuuza wakaangalia. Hivyo ndivyo nilivyosimama. Ulikuwa unapita chini ya kamba ya nguo, kati ya shuka na shuka, umeinama chini kabisa, uso juu, huangalii mpira hata kidogo, na mpira unakufuata. Ukaupitisha nyuma ya mgongo ukaupokea upande wa pili. Ukaupitisha katikati ya miguu. Ukaongea na mtu ambaye hayupo, ukamdanganya kwa bega, ukampita. Kisha alama zako za makaa, moja, mbili, ukaruka, na mkono ule wa kushoto ukapanda juu, juu, vidole vimefunguka, ukauweka mpira kwenye lile doa la ukutani polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Gunia lilikuwa begani mwangu nikasahau kulitua. Nilikuwa ninaogopa kupumua. Nilijua ninaangalia kitu kikubwa kuliko mimi, na kilikuwa nyumbani kwangu miaka yote, na kilikuwa kinanisubiri nitoke.

Halafu nikagusa lango. Liliguna kidogo tu.

Hukugeuka kuangalia. Mkono ulilisikia lango. Mpira ukahamia kulia, na kile kimya kikarudi: dum, dum, halafu dum.

Ningesema neno moja tu siku hiyo. Nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nikaingia, nikatua gunia, nikakuuliza, "Umetoa nguo kwenye kamba?" Kosa la kwanza nililifanya nikiwa na haraka ya kuonekana mlezi mzuri mbele ya watu. Hili la pili sina cha kulisingizia. Niliona vizuri, na nikanyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri.

Ndipo tukafika siku ya majaribio pale Ruiru, mwezi wa Desemba. Nilikufuata kwa sababu nilitaka kuona shule. Unakumbuka nilisimama langoni muda mrefu ukanivuta? Nilikuwa ninatafuta mashamba. Pale tulipochuma kahawa sasa ni maghorofa tu, nguo zimeanikwa hadi ghorofa ya sita. Na mahali ninapodhani palikuwa pa kupimia madebe ya kahawa ndipo kuna kiwanja chenu cha saruji, na mistari yake myeupe. Nikakaa na wazazi wengine kwenye benchi.

Ulicheza vizuri, usikubali mtu akuambie vingine. Ulishuka chini kwa ulinzi, hukukunja mikono. Pasi zako zilikuwa kifuani, si miguuni kama zamani. Kocha alikuwa anawapigia wote kelele, "Macho juu! Macho juu! Mpira hautakimbia!" na mimi nikasikia nyapara wangu, nikacheka peke yangu. Halafu karibu na mwisho yule msichana mfupi akakupa pasi upande wa kushoto. Kulikuwa wazi. Hata mimi niliyekuwa sijui kitu niliona kuko wazi, hakuna mtu kati yako na kikapu, hatua mbili tu. Nikainuka kwenye benchi kabla sijajua nimeinuka.

Ukaniangalia.

Mpira mkononi, njia wazi, na ukageuza shingo kunitafuta. Tukaonana. Ukauhamisha mpira kulia, na yule msichana wa jezi ya manjano akawa ameshafika, akaupiga ukaenda nje. Mzazi mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo ameogopa nini sasa?"

Nilijua uliyemwogopa. Alikuwa amesimama mbele ya benchi, amevaa kitambaa kichwani.

Kocha akaja baada ya filimbi.

"Habari yako, Cucu. Wewe ndiye mlezi wake?"

"Ndiye mimi."

"Mtoto ana kitu. Lakini mkono wa kushoto anauficha. Mpira ukienda huko anauhama. Aliumia?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Wazazi walikuwa wanasikiliza.

"Alianguka akiwa mdogo."

"Alivunjika?"

"Kidogo."

Naomi amecheka. Anauliza mtu huvunjika kidogo vipi. Andika tu, Naomi, mimi mwenyewe nilijisikia.

"Basi siwezi kumwingiza hivyo," kocha akasema. "Mkono uliovunjika ukigongwa tena ni shida yangu. Alete barua ya daktari. Timu ninaichagua wiki ya pili baada ya kufungua. Bila barua, atakaa pembeni ananiandikia vikapu."

Tukaondoka. Nilikuwa ninasubiri unikasirikie. Uliniambia, "Ni sawa, Cucu, siyo lazima nicheze." Ukanibebea mfuko. Heri ungenipigia kelele njia nzima hadi Juja, ningelala usiku ule.

Hakuna daktari atakayeandika kwamba umepona mfupa ambao haukuvunjika. Nimelizungusha kichwani tangu Desemba, nikitafuta jinsi ya kulirekebisha bila aibu kunifikia, na nimeona kwamba ndivyo nilivyofanya tangu mwanzo, kuiweka aibu yangu mbele na mkono wako nyuma. Kwa hivyo leo, ulipotoka tu kwenda kunyolewa, nilimwomba Naomi anipigie simu kwa kocha.

Nikamwambia, "Mwalimu, ni cucu yake Wangari. Yule mtoto hakuanguka."

"Sasa aliumia vipi?"

"Hakuumia. Anatumia kushoto. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa kitambaa akiwa na miaka minne, mpaka akauacha. Lakini hajauacha. Nimemwona. Wewe hujaona kitu, mwalimu. Ule mkono wa kulia ulioupenda ni mgeni tu, mwenye nyumba bado hujamwona."

Akaniomba nirudie, nikarudia. 

Halafu akasema, na hakuwa anacheka: "Cucu, ungeniambia siku ile, ningekuwa nimeanza naye siku ile."

"Najua."

"Barua ya daktari siitaki tena. Lakini siahidi kitu. Nina wasichana ishirini na wanane, ninachukua kumi na wawili. Na mkono uliofichwa miaka yote hiyo hauji kwa kuitwa mara moja. Aje apiganie nafasi kama wengine."

Nikamwambia asante. Nilitaka kumwomba akuhurumie, nikajizuia. Nafikiri nimekuombea vya kutosha vitu ambavyo hukuvitaka.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Sikuambii unisamehe, hilo utaliamua mwenyewe, na unaweza kuchukua muda wako, hata mpaka uwe na watoto wako. Wala usidhani nimekupa mkono kama zawadi ya kuondokea. Ulikuwa wako. Uliulinda bila msaada wa mtu, nyuma ya shuka zangu, nikiwa nimetoka, na ukaufundisha mambo ambayo hakuna aliyekufundisha. Nimelala chumba kimoja na wewe miaka kumi na moja na sikujua ninaishi na mtu kama huyo. Hata sasa nikilisema ninasisimka. Na nilikosea pia kuhusu jina. Wewe si mimi. Mimi sikuwahi kuruka hivyo.

Watakucheka siku za kwanza, maana mbele ya watu mkono huo utakuwa na haya, utapoteza mpira, utagonga kidole chako tena. Wacha wacheke, nguzo ya stima imeshasikia mabaya zaidi.

Lakini kuna jambo moja ninalolijua kuliko kocha wako. Katika wiki hizo mbili pasi itakuja upande ule, na njia itakuwa wazi, na shingo yako itataka kugeuka ione kama ninaangalia. Wakati huo nitakuwa hapa Kamenu ninachambua maharagwe. Kwenye benchi hakuna mtu wa kuuliza, Wangari. Nenda.

Cucu yako,
Wangari